Perokside «ya chakula»: neno hilo linasema nini, na kwa nini haina fasi ndani ya bidoni ya maziwa



Mwanzo wa kiangazi tulipita kwenye koperative moja ya wafugaji kule milimani. Prezida alitupokea vizuri, kiisha akatupeleka nyuma ya depo na kutuonyesha bidoni ya plastiki ya bluu, ya lita 20. Etiketi yake ilikuwa ya Kifaransa na Kiingereza: perokside ya hidrojeni, 35 kwa mia, ya chakula. Prezida akatuuliza: «Enjenyeri, muuzaji alituambia hii iko ya chakula. Sasa tukitia kidogo mu maziwa isiharibike njiani, iko mubaya gani?»

Swali hili si la ujinga. Ni la mtu anayeona maziwa yake yakirudishwa toka laiteri mara mbili kwa juma kwa sababu yamechachuka. Na etiketi haikudanganya: ile perokside ilikuwa kweli ya chakula. Shida ni kwamba neno «ya chakula» halina maana ile tunayofikiri. Katika ukurasa huu tunaeleza perokside ni kitu gani, viwanda vinaitumia namna gani, kiwango cha «ya chakula» kinadai nini, na mambo ambayo koperative inaweza kufanya pahali pa kutia dawa ndani ya maziwa.

Ni kitu gani?

Maji ya kawaida yana hidrojeni mbili na oksijeni moja. Perokside ya hidrojeni ina hidrojeni mbili na oksijeni mbili. Ile oksijeni ya pili haikai vizuri, inatafuta kutoka. Ikitoka, inashika kitu cha kwanza inachokutana nacho na kukichoma: mikrobe, rangi ya kitambaa, ngozi ya mkono, jicho. Ikimaliza kazi, kinachobaki ni maji na hewa ya oksijeni. Ndiyo sababu viwanda vinaipenda: inafanya kazi kali, kiisha haiachi sumu ya kudumu, kama imepewa muda wa kuvunjika au imeondolewa vizuri.

Si dawa ya jana. Mwanakemia Mfaransa Louis Jacques Thénard aliipata mwaka 1818. Wengi wetu tunaijua tayari: ni ile «lo oksijene» ya famasi, ya kuoshea vidonda, inayotoa povu nyeupe. Tofauti ni nguvu yake. Ku famasi etiketi inaandika «volimu 10». Maana yake ni kwamba lita 1 ya dawa ikivunjika inatoa lita 10 za oksijeni. Volimu 10 ni karibu 3 kwa mia. Ile ya kupaka nywele saluni ni volimu 20, 30 au 40, ni kusema karibu 6, 9 au 12 kwa mia.

Na ile ya bidoni ya bluu? 35 kwa mia ni karibu volimu 130. Kwa hiyo lita moja ya bidoni ile ina nguvu ya lita 13 za famasi. Mtu aliyezoea kushika chupa ya famasi bila woga asidhani anashika kitu kile kile.

Viwanda vinaitumia namna gani?

Sehemu kubwa ya perokside duniani haiendi kwenye chakula. Inaenda kwenye viwanda vya karatasi, kufanya mbao iliyosagwa kuwa nyeupe. Nyingine inaenda kwenye vitambaa vya pamba, kwenye kusafisha maji machafu, na kwenye migodi ya dhahabu, kuvunja sianidi kabla maji hayajatoka.

Upande wa chakula, kazi yake ya kwanza ni kusafisha vifaa na makasha. Mmeshaona pakiti za karatasi za maziwa au maji ya matunda, zile zinazokaa miezi bila friji. Katika usini, kabla ya kujaza, karatasi ile inapitishwa ndani ya perokside ya moto, mara nyingi ya 35 kwa mia, kiisha inakaushwa na hewa ya moto iliyo safi. Mikrobe zinakufa, perokside inatoka, ndipo maziwa yanaingia. Marekani ilikubali njia hii mwaka 1981, na sheria yake inadai kwamba kinachobaki ndani ya pakiti kisipite sehemu 0.5 kwa milioni. Hiyo ni nusu miligramu katika lita moja. Viwanda vya bia na machinjio wanatumia pia asidi ya perasetiki, inayotengenezwa kwa perokside na asidi ya siki, kuosha mabomba na matanki.

Kuna pia kazi chache ambapo perokside inagusa chakula chenyewe. Sheria ya Marekani inazitaja moja kwa moja, kila moja na mpaka wake: maziwa ya kutengeneza aina fulani za fromaji, si zaidi ya 0.05 kwa mia. Maji ya fromaji, 0.04 kwa mia, wanga, 0.15 kwa mia. Na nyingine chache kama mayai ya unga na matumbo ya ng'ombe ya kufanywa meupe. Lakini tusome mpaka mwisho: sheria ile ile inadai kwamba perokside inayobaki iondolewe. Kwa maziwa ya fromaji, usini inatia katalase, kimeng'enyo kinachovunja perokside kuwa maji na oksijeni, kiisha laboratwari inapima kuhakikisha kwamba imeisha. Kuitia ni nusu ya kazi. Kuiondoa na kupima ni nusu ya pili. Ndani ya bidoni iliyofungwa nyuma ya moto, hiyo nusu ya pili haifanywi na mtu.

«Ya chakula» inasema nini?

Perokside haipendi kukaa. Ili isivunjike ndani ya bidoni, watengenezaji wanatia vitu vya kuituliza, kwa mfano chumvi za bati na za fosfati. Perokside ya viwanda vya karatasi au ya kusafisha metali inaweza kuwa na vitu hivyo vingi, pamoja na mabaki ya chuma na ya metali nzito. Kwa karatasi si shida. Kwa pakiti ya maziwa ni shida, kwa sababu perokside ikiondoka kama mvuke, vile vitu vinabaki juu ya karatasi.

Ndiyo sababu kuna daraja la chakula. Kitabu cha viwango kinachofuatwa sana ni Food Chemicals Codex, kinachoandikwa FCC juu ya etiketi. Kinadai, kati ya mambo mengine:

- chuma kisipite miligramu 0.5 kwa kilo;
- bati isipite miligramu 10 kwa kilo;
- fosfati isipite miligramu 50 kwa kilo;
- mabaki baada ya kukausha yasipite miligramu 60 kwa kilo.

Tazameni orodha hiyo vizuri. Yote inahusu uchafu ulio ndani ya dawa. Hakuna mstari unaosema kwamba dawa inaliwa. «Ya chakula» ni cheti cha usafi, si ruhusa ya kunywa. Wembe mpya wa hospitali uko safi kabisa, haujagusa mtu, lakini unabaki wembe.

Watu wamekufa kwa kunywa perokside ya 35 kwa mia, wengine wakidhani ni maji, wengine wakiambiwa ni tiba. Inachoma koo na tumbo, kiisha oksijeni inayotoka kwa wingi inaweza kuingia ndani ya damu na kuziba mishipa ya moyo au ya ubongo. Kwa sababu ya hatari zake, Umoja wa Ulaya umekataza kuuzia mtu wa kawaida perokside inayopita 12 kwa mia bila ruhusa ya pekee. Mtu akiwaambia kwamba matone ya 35 kwa mia yanaponyesha kansa au sukari, msimsikilize, hata kama analeta etiketi ya chakula.

Kwa nini tusiitie ndani ya maziwa?

Codex Alimentarius, viwango vya chakula vya FAO na OMS, inaeleza maziwa katika kiwango chake cha 1999: ni kile kinachotoka ndani ya mnyama kwa kukamua, bila kuongeza kitu na bila kuondoa kitu. Hilo peke yake linatosha kwa laiteri kukataa bidoni. Lakini sababu za ndani ndizo muhimu zaidi.

Kwanza, kipimo. Tulifanya hesabu pamoja na komite palepale depo. Memba mmoja alituonyesha kifuniko alichokuwa anatumia: karibu mililita 10 kwa bidoni ya lita 20. Lita moja ya perokside ya 35 kwa mia ina karibu gramu 396 za perokside safi. Mililita 10 ni karibu gramu 4, ni kusema miligramu 4 000. Tugawe kwa lita 20: tunapata karibu miligramu 200 kwa kila lita ya maziwa. Pakiti ya usini inakubaliwa kubaki na 0.5.

Pili, perokside inaficha uchafu. Maziwa yanayochachuka yanatuambia ukweli: yalikamuliwa kwa mikono michafu, au yamechelewa, au bidoni haikuoshwa. Tukiua mikrobe za kuchachusha, hatuondoi sumu ambayo mikrobe nyingine zilishaacha. Sumu ya stafilokoki, kwa mfano, inavumilia hata kuchemsha. Mama anayenunua anaona maziwa mazuri, hayana harufu, anampa mtoto. Alama ya kumwonya tumeiua sisi wenyewe.

Tatu, inaua fromaji. Fromaji yetu ya Kivu, na maziwa ya kuganda, vinahitaji mikrobe nzuri zinazotengeneza asidi. Perokside haichagui, inaua nzuri na mbaya. Katika koperative ile, mtengenezaji wa fromaji alikuwa ameshapoteza matanki mawili: maziwa yalishika vibaya, yakabaki laini, yakatoa maji siku nzima. Alifikiri presure yake ni ya zamani, akanunua mpya. Haikuwa presure.

Nne, na hapa ndipo tunaomba kila memba afikiri, maziwa ya koperative yanachanganywa. Memba mmoja anatia kifuniko kimoja, na tanki nzima ya watu 40 inakataliwa. Kujificha pia ni vigumu. Laiteri ikiweka matone ya iodure ya potasi na wanga ndani ya maziwa yenye perokside, yanakuwa ya bluu. Kuna pia vipande vidogo vya karatasi vya kupimia ambavyo vinabadilika rangi ndani ya sekunde chache. Siku laiteri inapopata bluu, haiulizi ni bidoni ya nani. Inasema: ni koperative fulani.

Je, hakuna njia inayokubaliwa?

Iko moja, na tunaieleza ili watu wasiichanganye na ile ya kifuniko. Maziwa mabichi yana kimeng'enyo chake cha asili, laktoperoksidase. Kikipata tiosianati na perokside kidogo sana, kinatengeneza kitu kinachozuia mikrobe kwa muda. Codex ilitoa mwongozo wa njia hiyo mwaka 1991, kwa fasi ambako hakuna namna ya kupoza maziwa.

Vipimo vyake kwa kila lita ni miligramu 14 za tiosianati ya sodiamu, tunakoroga vizuri, kiisha miligramu 30 za perkabonati ya sodiamu, ambazo zinatoa karibu miligramu 10 tu za perokside. Linganisheni: kifuniko cha memba wetu kilikuwa kinatia mara 20. Tena hizo miligramu 10 zinatumiwa na kimeng'enyo chenyewe.

Maziwa yatiwe dawa ndani ya saa 2 au 3 tangu kukamua. Kwenye joto la digrii 30, yanapata karibu saa 7 au 8; kwenye digrii 20, saa 16 au 17; kwenye digrii 15, karibu siku nzima. Njia hii haifanyi maziwa machafu kuwa safi, inasimamisha saa tu. Mwongozo unadai ifanywe kwenye kituo cha kukusanyia, na mtu aliyefundishwa, si kila memba nyumbani kwake. Na laiteri inayopokea lazima ijue na ikubali. Koperative isiyo na mizani ya kupima gramu moja, na isiyo na mapatano na laiteri, isijaribu.

Kama bidoni ya perokside iko tayari kwenu

Kazi yake halali kwenye koperative ni kusafisha matanki na mabomba, ikiongozwa na fundi anayeijua. Kwa bidoni za kawaida, sabuni, brashi, maji ya moto, na kuzianika juani midomo ikitazama chini vinatosha, tena ni bei ndogo. Kama mnaihifadhi, fuateni mambo haya:

Someni etiketi kabla ya kulipa. Iwe na jina, kiasi kwa mia, daraja (FCC), namba ya loti na tarehe. Perokside ya kati ya 20 na 60 kwa mia inabeba namba ya usafiri UN 2014 na alama ya njano ya 5.1, yenye mwali wa moto juu ya duara. Ombeni karatasi ya uchambuzi ya loti hiyo, na kama imetoka ng'ambo, karatasi ya OCC. Muuzaji anayehamisha toka pipa kubwa kuingiza ndani ya bidoni ya mafuta, hata akisema ni ya chakula, ameshaharibu daraja lake.

Iwekeni pahali pa baridi, pa giza, penye hewa, ndani ya bidoni yake ya mwanzo. Kifuniko chake kina tundu la kupumua, msilizibe, kwa sababu oksijeni inayojikusanya inaweza kupasua bidoni. Msiitie ndani ya chombo cha shaba au cha chuma. Msiirudishe iliyobaki ndani ya bidoni. Isiwe karibu na mafuta, matambara, majani makavu au unga wa mbao, inaweza kuwasha moto.

Hata siku moja, msiiweke ndani ya chupa ya maji au ya bia. Haina rangi, na harufu yake ni ndogo sana. Mtoto hatajua.

Anayeishika avae mipira ya mikono na miwani ya kukinga macho. Msiichanganye na javeli wala na siki. Ikigusa ngozi, itakuwa nyeupe na kuchoma: osha kwa maji mengi. Ikiingia kwenye jicho, osha kwa maji yanayotiririka angalau dakika 15, kiisha kwenda hospitali. Mtu akiimeza, msimtapishe. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali mbio, na etiketi iende naye.

Koperative ile ilifanya nini?

Komite haikumfukuza yule memba, na tunafikiri ilifanya vizuri. Alisimama mbele ya wote akaeleza: nyumba yake iko mwendo wa saa nne kwa miguu, motari anachukua bidoni mara moja tu kwa siku, na akirudishiwa maziwa hana ada ya shule. Hakutaka kuumiza mtu. Mama mmoja wa komite akamjibu: «Ndugu yangu, sisi wote tuko na hiyo shida. Lakini wewe uliitatua peke yako mu maziwa ya sisi wote.»

Baada ya mazungumzo wakakata mambo manne. Bidoni ya bluu ilitoka depo na kurudishwa kwa muuzaji. Mapokezi yalisogezwa saa moja mbele asubuhi. Kituo cha pili kilifunguliwa karibu na chemchemi, kwa upande wa mbali, ambako bidoni za alumini zinasimama ndani ya maji baridi mpaka shingoni zikingoja motari. Na kila memba sasa ana namba yake juu ya bidoni, na sampuli ndogo inachukuliwa kabla ya kuchanganya, ili siku maziwa yakikataliwa ijulikane shida imetoka wapi, na wasio na kosa wasilipe.

Tuliporudi mwezi uliofuata, maziwa ya upande wa mbali yalikuwa bado yanarudishwa siku moja moja, hasa siku za mvua, barabara ikiwa mbaya. Kazi haijaisha. Lakini fromaji ilikuwa inashika tena.

Tunawaomba, katika mkutano mkuu unaokuja, kila koperative ya maziwa iweke swali moja kwenye orodha yake: memba wetu wa mbali zaidi, maziwa yake yanachukua saa ngapi toka kukamua mpaka kupokelewa? Kama yanapita saa 3, pangeni kwanza njia na maji baridi. Na mtu akija na bidoni ya bluu akisema «iko ya chakula», sasa mnajua jibu: ni safi, sawa. Lakini ni safi kwa kuosha, si kwa kunywa.